Mabuti ya Mlangoni

Jumapili ya Meza ya Bwana, watoto wachanga wote wa kanisa letu hapa Kibiti walikuwa wa Namsifu. Kinamama wakiinuka kwenda madhabahuni, huyu anampachika wake mapajani, yule anamlaza wake begani, wa tatu anamwachia pochi na mwavuli. Yeye anabaki peke yake kwenye benchi la kwaya, anabembeleza. Kwaya ndiyo hutangulia kushiriki, na benchi lake liko mbele kabisa, kwa hiyo asiyekwenda mezani huonekana na kila mtu. Kanisa lenyewe ni dogo, la walimu, manesi, askari na wachuuzi, watu wa bara tulioletwa pwani na barua za uhamisho. Tunajuana mpaka viraka.

Watu wakasema lao. Sisi waumini ni watu wa huruma, lakini tukipata la kunong'ona, huruma tunaiweka pembeni kwanza. Kwetu anayeishi na mwenzake pasipo ndoa hali Chakula cha Bwana mpaka atubu mbele ya watu na kurudishwa kundini. Sheria hiyo hata mtoto wa kipaimara anaijua. Basi mwanamke anayekaribia miaka arobaini, hajaolewa, anaimba sauti ya pili kama malaika na bado hasogei mezani, ana nini kingine kama si bwana wa kificho?

Tena ushahidi ulikuwepo. Mlangoni pa vyumba viwili alivyopanga Namsifu, nyuma ya soko, mvua zikianza tu, husimama mabuti ya mpira, meusi, makubwa ya kiume, yamejaa tope. Kila aliyepita aliyaona. Hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi.

Namsifu Mbwambo ni Mpare wa Usangi, muuguzi. Watani wake wa kwaya walisema hajaolewa kwa sababu Wapare hawaingii ndoa mpaka wameona na njia ya kukata rufaa. Alikuwa akicheka nao. Alipoajiriwa alipelekwa Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta, kwenye zahanati isiyo na Mkristo mwingine ila yeye. Hakujua kuogelea, wala kushuka kwenye mtumbwi bila kudondoka. Aliyemfundisha kutembea kwenye tope la mikoko alikuwa Sabra, mtalaka mmoja muuza kamba wa baharini, mkali wa maneno, ambaye alivaa mabuti aliyoachiwa na marehemu baba yake na kumwambia, "Wee nesi, kanyaga nnapokanyaga mie." Namsifu akakanyaga. Alipohamishiwa Kibiti, Sabra naye akahamishia biashara yake ya kamba wakavu na mchele soko la Kibiti.

Walipendana. Nalisema hivyo hivyo, maana nikizungusha maneno nitakuwa namtendea Sabra yale yale aliyotendewa na Namsifu. Walipendana kama mtu na mwenzi wake, wakalala chumba kimoja na kugombania shuka. Jirani waliona wanawake wawili wamechangia kodi, wakaona akili; mabuti hayakuwahi kuhesabiwa ya Sabra, maana aliyavaa alfajiri tu, gizani, kwenda kupokea mzigo.

Angekuwa mtu wa kuacha dini, mambo yangekuwa mepesi. Lakini Namsifu aliamini. Aliamka na zaburi, alioga akiimba tenzi, akimchoma mgonjwa sindano alimwombea kimoyomoyo. Alishawahi kufunga na kuomba Mungu amgeuze. Alishawahi kwenda Dar kwenye maombi, akawekewa mikono kwa ajili ya roho ya kukataa ndoa, akaangushwa, akainuka, akapanda basi kurudi. Alimkuta Sabra amempikia wali wa nazi na mkizi, akalia juu ya sahani, Sabra asijue kilichomliza. Tangu siku hiyo alimwambia Mungu kila kitu isipokuwa hilo moja. Aliona haya kumtaja Sabra mbele za Mungu, kama mtu anayeona haya kumwingiza mgeni sebuleni kwa baba yake.

Hata kwenye sala ya chakula. Kwao Usangi, mama yake huomba hivi: asante kwa chakula, wabariki wasionacho, na umbariki fulani aliyekipika. Mpishi hutajwa kwa jina, na asipotajwa hununa. Namsifu aliomba vile vile, ila alipofika kwa wasionacho alisema amina. Sabra, ambaye huwa ameshamaliza bismillahi yake na anasubiri kwa adabu, alimtania siku moja, "Huyo Mungu wako hataki kujua nani kakuna nazi?" Namsifu akatabasamu, akaanza kula.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziligongana, wakafunga wote wawili nyumba moja, huyu akimpikia huyu futari. Idd ikapita, Pasaka ikakaribia, na mama yake Namsifu akapiga simu kutoka Dar, alikokuwa amelazwa kutolewa mtoto wa jicho.

"Mwanangu, Pasaka nitakula kwako. Nataka tupige magoti pamoja mezani pa Bwana. Tangu uende huko pwani sijashiriki na wewe."

"Karibu sana, mama," alisema Namsifu.

Jioni ya kesho yake akaja Mama Tulibako, mzee wa kanisa, mama wa Kinyakyusa mwenye moyo mkubwa na macho makubwa zaidi. Sabra alikuwa bado sokoni, na kwa kuwa kulikuwa kukavu ametoka na ndala. Mama Tulibako alisimama mlangoni, akayatazama mabuti, akaingia na kukaa.

"Mwanangu Namsifu, nimechoka kukuona unalea watoto wa wenzako pale mbele. Sikuja kukuhukumu. Hayo mabuti ni ya mwanaume unayeishi naye?"

Jibu lilikuwa jepesi: mabuti ni ya Sabra. Lakini Namsifu aliona swali litakalofuata. Kama si mwanaume, basi ni nini kinachokuzuia mezani? Akamwona mama yake akipiga magoti peke yake. Akaona kazi yake, polisi, jina la ukoo wake kwenye midomo ya watu. Na hapo mbele yake ulikuwa mlango ulio wazi, dhambi ya kawaida ambayo nusu ya wanakwaya wenzake wamewahi kuitubu na kusahauliwa.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Ni Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Hataki ndoa ya kanisani?"

"Hataki."

"Basi aondoke. Nitapita tena Jumamosi, nisiyakute hayo mabuti."

Mama Tulibako akamwombea, akamkumbatia, akaondoka amefurahi. Ijumaa, Sabra akiwa kwenye mzigo wake, Namsifu aliyaosha mabuti, akayatia kwenye kiroba na kukisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Alifanya haraka, huku akisikiliza mlango kama mwizi.

Jumapili ya Matawi alipiga magoti mbele, mbele ya matawi ya minazi na watu wote. Mwinjilisti Mgaya alimwuliza kwa upole, na yeye akasema maneno aliyofundishwa: "Nimekosa mbele za Mungu na mbele ya kanisa lake. Niliishi na mwanaume pasipo ndoa. Nimemwacha. Naomba mnipokee." Sauti ilitoka safi, sauti ya mtu aliyezoea kuimba. Tukapiga vigelegele. Tukajipanga mstari kumpa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi yetu, na Mama Tulibako alilia mpaka miwani ikapata ukungu. Nami nilimpa mkono. Ulikuwa baridi.

Aibu alikuwa anaijua. Ameishi nayo miaka, anajua inapokaa kifuani na inapoamka. Lakini ile iliyomshika pale kwenye mstari wa mikono ilikuwa ngeni kwake. Ile ya zamani ilimwambia, wewe ni mbaya. Hii mpya ilimwambia, umefanya ubaya. Alishangaa kuona kwamba hazifanani hata kidogo.

Jumatatu ilinyesha. Sabra aliyatafuta mabuti yake, asiyaone, akaenda kupokea mzigo na ndala huku akinung'unika. Kabla ya adhuhuri mteja wake mmoja, mwalimu wa kanisani kwetu, akamwambia wakati anapimiwa kamba, "Mwenzako hongera zake. Kampiga chini yule bwana."

"Bwana gani?"

"Si yule mwenye mabuti! Jana katubu, mbele ya kanisa zima."

Sabra alifunga meza. Namsifu alipotoka zamu alimkuta ameketi kitandani, kiroba kimefunguliwa sakafuni, mabuti yamesimama katikati ya chumba.

"Mie nimekuwa mwanaume lini?" Sabra aliuliza.

Namsifu alianza kueleza, habari ya mama, ya Mama Tulibako, ya hofu. Sabra alimwacha amalize.

"Ungenificha ningekuelewa. Kwani mie sikufichi? Mama'angu anajua wewe ni nesi niliyepanga naye, basi. Nami nna Mungu wangu, nasujudu na sijui atanambia nini siku hiyo. Lakini kunificha na kunitubia si jambo moja, Namsifu. Umekwenda kunitapika mbele za watu, wakakupigia na vigelegele. Na hata kunitapika kwenyewe hukunitapika mie. Umetafuta mwanaume ukamweka mahali pangu, maana hata kuwa dhambi yako sikufaa."

Sabra alifunga kanga mbili na simu ndani ya mkoba. Mlangoni Namsifu akamkumbusha mabuti, mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Mwachie huyo bwana'ko," alisema Sabra, akatoka na ndala kwenda kutafuta gari la Nyamisati, kwenye boti za Mbwera.

Mama yake Namsifu alifika Alhamisi Kuu, jicho moja likiwa na bandeji, na kitu cha kwanza alichogonga na mkongojo ni mabuti. Namsifu alikuwa ameyarudisha mlangoni. Hakuweza kuyatia tena kwenye kiroba, na Mama Tulibako alishapita Jumamosi akaridhika.

"Haya ya nani?" mama aliuliza.

"Ya Sabra," alisema Namsifu. Lilimtoka jepesi kuliko alivyodhani, akasikitika kwamba neno jepesi namna hiyo alishindwa kulisema wiki moja nyuma.

"Yule anayenitumia mchele? Yuko wapi nimshukuru?"

"Amekwenda kwao."

Mama akaguna. Jioni alipewa heshima ya kuombea chakula, akaomba kwa kirefu kama kawaida yake, akamaliza, "na umbariki Namsifu aliyekipika." Namsifu alimega tonge, akalirudisha sahanini.

Pasaka kanisa lilijaa. Mchungaji mwenyewe alikuja kutoka usharikani, na kinamama walihangaika na watoto maana mlezi wao naye sasa anakwenda mezani. Namsifu alimshika mama yake mkono, wakapiga magoti bega kwa bega. Mama alimbana mkono kwa furaha. Mchungaji akaja na mkate mstarini, akisema kwa kila mmoja kwamba huu ni mwili uliotolewa kwa ajili yako. Namsifu alikuwa ameukosa mkate ule miaka mingi kwa sababu ya kumpenda Sabra. Sasa ulikuwa hapa, mbele ya pua yake, na bei yake ilikuwa ni kumkana. Alijua akiupokea atakuwa ameula mgongoni mwa Sabra. Alitikisa kichwa. Mchungaji alisita, akamtazama, akapita. Mama akapokea, kisha jicho lake moja likageuka polepole kumtazama binti yake. Kanisa zima liliona. Namsifu alirudi kwenye benchi, akachukua mtoto wa mtu aliyekuwa akilia, akamkumbatia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani mama hakuvua hata kitenge.

"Nimetoka hospitali nije kupiga magoti na wewe. Wamesema umesharudi kundini. Kwa nini ukaniacha pale?"

"Nilitubu uongo, mama. Hakukuwa na mwanaume."

Mama alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Najua hakukuwa na mwanaume," alisema mwishowe. "Nimelala hapa tangu Alhamisi. Kuna kitanda kimoja na mito miwili, na sijaona hata wembe wa ndevu. Usiniambie zaidi, mwanangu. Mimi ni mzee, yapo maneno nikiyasikia sitajua niyaweke wapi. Na sitakuambia kwamba ni vyema, kwa maana siamini hivyo. Lakini yule binti alinipigia simu kila asubuhi nilipokuwa wodini, wewe ukiwa zamu. Leo hayupo, na wewe umeshindwa kupokea mkate. Sasa niambie mwenyewe ulichomfanyia."

Namsifu alimwambia. Mama alifunika uso kwa viganja, jicho zima na jicho bovu, na Namsifu alitamani ardhi imfunike.

"Hiyo ndiyo dhambi," mama akasema kutoka nyuma ya viganja. "Hilo sihitaji mwinjilisti anieleze. Nenda."

Jumatatu ya Pasaka alikwenda kituo cha magari ya Nyamisati, mabuti ameyashika mkononi, wazi, bila kiroba. Na kwa kuwa Kibiti ni Kibiti, alikutana na Mama Tulibako anashuka kwenye bodaboda. Mama Tulibako alikuwa ameshanyoosha mkono wa salamu.

"Bado unayo mabuti ya yule bwana? Ndiyo maana jana umeshindwa mezani!"

"Ni ya Sabra, mama. Yalikuwa ya Sabra siku zote. Bwana hakuwepo."

Mama Tulibako alimtazama, akayatazama mabuti, akamtazama tena. Namsifu aliona jambo likimfikia, likimpanda usoni kidogo kidogo. Ule mkono wa salamu ulirudi ukashika mtandio.

"Tulikupigia vigelegele," Mama Tulibako alisema kwa sauti ndogo, si ya hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akageuka, akaenda zake. Namsifu alipanda gari, akayapakata mabuti. Alijua hakuna tena benchi la kwaya la kurudi kama zamani, na hakujua kama kuna kazi, wala nyumba.

Boti ilifika Mbwera maji ya bahari yamekupwa, ikakwama mbali na pwani, abiria wakaambiwa washuke watembee. Namsifu alivaa mabuti, yakampwaya, akajiburuta kwenye tope la mikoko mpaka kijijini. Watu walimtambua. "Nesi karudi!" walisema, wakampa pole ya safari, na yeye akaitikia huku anaona haya, kwa sababu walimpokea kwa moyo mweupe.

Bi Biasha, mama yake Sabra, alimkaribisha barazani na kuingia ndani kupakua chakula alichopika Sabra. Sabra alikuwa uani anamenya kamba. Hakuinuka.

"Nimekuletea mabuti yako."

"Umeyachafua."

Namsifu aliyavua. Akachuchumaa peku kwenye mchanga, karibu, lakini si karibu sana. Alikuwa amepanga maneno mengi kwenye boti, yote yakamtoka. Yalibaki yale ya kanisani tu.

"Nimekosa mbele za Mungu," alisema, "na mbele yako. Nilikukana. Naona aibu, Sabra, na safari hii ni aibu ya haki."

Sabra alimenya kamba mmoja, akamtupa bakulini, akamenya mwingine.

"Huko kwenu mtu akisema hivyo hufanywaje?"

"Hupewa mkono."

"Mie mikono yangu ina kazi."

Bi Biasha akaita chakula kiko tayari. Waliketi watatu kwenye mkeka kuzunguka sinia moja, wali wa nazi na mkizi wa kuchoma, wakanawa. Bi Biasha alikuwa anakumbuka mazoea ya nesi tangu enzi za zahanati. Akatia bismillahi yake kimya, akamwambia, "Haya, omba na wewe, mwanangu."

Namsifu aliinamisha kichwa. Aliomba kwa sauti, kama alivyoomba miaka yote. Akashukuru kwa chakula. Akawaombea wasionacho. Sabra, aliyejua kwamba amina huwa ndiyo hapo, alishanyoosha mkono kwenye wali.

"Na umbariki Sabra," alisema Namsifu, "aliyekipika."

Mkono wa Sabra ulisimama juu ya sinia.

"Amina," alisema Bi Biasha, asiyejua lolote, na kuanza kula.

Namsifu hakuthubutu kuinua uso. Aliona tu ule mkono, wenye magamba ya kamba kwenye kucha, ukishuka, ukamega mkizi, ukausogeza mnofu upande wa sinia ulio mbele ya Namsifu.